Kichomi cha Kidato cha Pili

Jumatatu, 4 Mei

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ndiye niliyeletwa kushika vipindi vyako vya kemia mpaka utakapopona. Hatujaonana. Nimemaliza chuo mwaka jana na hii ndiyo shule yangu ya kwanza, kwa hiyo nikiuliza ya kitoto nivumilie. Nimekupigia simu, inaita tu. Dereva wa shule amesema anapita hapo hospitali kila akienda kuchukua mboga za bweni, basi nimempa karatasi hii.

Nina swali moja. Kidato cha Pili umewafundisha nini?

Leo nimeingia, nikajitambulisha, nikaandika ubaoni: kuungua ni nini? Nilitaka kuwachangamsha tu. Darasa zima mikono juu. Nikamchagua msichana wa mbele. Akasimama wima, akasema kila kitu kinachoungua kina kichomi ndani yake. Kitu kikiwaka, kichomi kinatoka kwenda hewani, kinachobaki ni jivu, na ndiyo maana jivu ni jepesi kuliko kuni. Nikacheka peke yangu. Nikamuuliza wa pili, wimbo ule ule. Wa tatu akaniongezea kwamba mkaa ni kichomi karibu kitupu. Nikawauliza, mshumaa ukifunikwa na glasi mbona unazimika? Wakanijibu kwa huruma, kama wanaomfundisha mgeni, kwamba hewa ya ndani ya glasi imeshiba kichomi na haiwezi kupokea kingine. Mwalimu, nadharia hiyo ilizikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Chuoni tuliisoma kwa mistari miwili, tukaicheka, tukaendelea.

Kuna lingine. Siku uliyoondoka Mkuu wa Shule alitangaza mstarini, "Mwalimu wenu wa kemia ameshikwa na kichomi." Naambiwa Kidato cha Pili walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani umemtuma Mkuu awatanie.

Mkuu mwenyewe hacheki. Bibi mmoja amekuja ofisini kulalamika kwamba mjukuu wake amemwambia jiko lake la mkaa limejaa kichomi, na tangu siku hiyo anaogopa kulisogelea kwa ajili ya kifua chake. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Mkuu ameniambia waziwazi: akilikuta darasa linaimba kichomi, yeye atapendekeza upumzishwe na nafasi yako ijazwe. Nimeona ulijue hilo kutoka kwangu.

Naomba pia unielekeze ufunguo wa kabati la vitabu ulipo.

Wasichana wameshanipa jina. Wananiita Kiraka, nadhani kwa sababu naziba tundu lako.

Wako,
Kiraka


Alhamisi, 7 Mei

Kiraka, marahaba.

Simu siipendi, inanikata maneno. Tuandikiane.

Ufunguo ninao mimi chini ya mto, na utabaki hapa hapa. Vitabu nimevifungia kwa makusudi. Mtoto akishika kitabu anaruka kurasa mpaka kwenye jibu, halafu anatembea nalo kama aliyeokota kiatu kimoja. Mimi kemia naifundisha kwa njia ambayo watu waliipata, yaani kwa kukosea. Tulianza na wale wazee waliochemsha mkojo wakitafuta dhahabu, wakapata fosforasi inayong'aa gizani. Hapo walicheka wiki nzima na hawajasahau fosforasi mpaka leo. Tukaja kwa daktari wa Kijerumani aliyesema ndani ya kila kinachoungua kuna kitu cha kuungua. Jina alilokipa linavunja ulimi. Nikatafuta la kwetu: kinachochoma, kichomi. Ugonjwa wa mapafu wenye jina hilo haukunijia akilini kabisa mpaka uliponilaza.

Sasa wameamini, nawe unashangaa. Watu wenye akili kuliko mimi na wewe waliamini karibu miaka mia. Ilikuwa imebaki kuwavunjia imani hiyo, na wiki ya kuwavunjia ndiyo niliyolazwa.

Nakuomba jambo moja tu: usiwaambie. Waache waone wenyewe. Nitakuandikia hatua kwa hatua.

Kuhusu Mkuu, asante kwa kutonificha. Nafasi yangu naitaka. Sina kazi nyingine ninayoijua, na nikikaa nyumbani nitaanza kuzifundisha kuta. Kichomi changu ni kidogo, kitapita. Dada yangu mkubwa ananiuguza, na humu ndani anaogopa kila kitu kuliko mimi mgonjwa.

Najua wananiitaje, kwa hiyo natia sahihi hivyo hivyo.

Mama Mizani


Jumanne, 12 Mei

Mwalimu, shikamoo.

Nimewaambia. Barua yako ilinifikia Ijumaa nikaisoma na kukubaliana nayo. Jana asubuhi Mkuu akasimama dirishani kwangu, mikono nyuma, wakati darasa linanieleza jinsi chuma kinavyopata kutu kwa kupoteza kichomi polepole. Nikafuta ubao, nikasema kichomi hakipo, hakijawahi kuwepo, kitu kikiungua kinaungana na oksijeni iliyomo hewani. Nikaliandika neno kwa herufi kubwa. Mkuu akaondoka ameridhika.

Nilitegemea wabishe. Waliandika tu. Halafu yule mrefu wa pembeni, wanayemwita Lakini kwa sababu hajui kuanza sentensi kwa neno jingine, akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, oksijeni si ile ya watu wanaokufa?"

Nikamwambia hapana. Akasema, "Lakini babu yangu alipowekewa hakumaliza siku." Mwingine akasema shangazi yake vivyo hivyo. Wa nyuma akasema hata mtaani kwao, ukisikia mtu yuko kwenye oksijeni unaanza kuulizia mazishi ni lini. Mwalimu, neno wanalijua wote. Wanalijua kama jina la jeneza. Na mimi nimetoka kuwaambia limejaa chumba kizima na wanalivuta.

Leo nimekusanya madaftari. Mmoja ameandika, vizuri kabisa, na mstari chini yake: "Kwa mtihani, oksijeni. Kwa ukweli, kichomi." Waliobaki hawakuandika hivyo lakini nyuso zao ndivyo zinavyosema. Sina raha. Nimetibua kazi yako na sijajenga yangu.

Kiraka


Jumatano, 13 Mei

Kiraka,

Nimekasirika, na muuguzi ameniona akanipima mapigo. Nilikuomba kitu kimoja. Mkuu akisimama dirishani tena mfungulie mlango, mpe kiti, mpe na chaki.

Haya. Yamekwisha. Fanya hivi. Chukua rula ya ubao, ifunge uzi katikati, ining'inize. Upande mmoja funga waya wa kusugulia sufuria, ule wa nyuzi laini, uutawanye uwe kama nywele zilizotoka kulala. Upande wa pili weka kokoto mpaka rula itulie sawa. Kabla ya kuwasha, waulize: waya ukitoa kichomi chake chote, utapanda au utashuka? Waandike majibu yao na majina. Ndipo uwashe. Halafu funga mdomo. Nasema ufunge, usiseme hata "mnaona?"

Kuhusu neno oksijeni, nimecheka halafu nikaacha. Wasimulie mchungaji wa kanisa, Mwingereza, aliyeitangaza kwanza, akamweka panya ndani yake, panya akachangamka. Mchungaji akasema mbona mimi nisiivute. Akaivuta. Akaandika kwamba kifua kilikuwa chepesi kwa muda mrefu baadaye. Hapo nathibitisha. Na mtu huyo, aliyeishika hewa yenyewe mkononi na kuivuta kwa pua yake, alikufa bado anaamini kichomi. Kwa hiyo usiwadharau wasichana wangu.

Dada yangu hapa ni kama wao. Neno hilo halitamkwi mbele yake.

Mama Mizani


Jumatatu, 18 Mei

Mwalimu, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Darasa zima liliandika kwamba waya utapanda. Nikawasha. Cheche zikatembea kwenye waya, zikazima, rula ikatikisika, ikashuka upande wa waya, ikabaki hivyo. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma.

Kwanza wakasema nimepuliza. Wakanitoa nje ya mlango, wakarudia wenyewe na waya mwingine. Ikashuka. Wakafunga madirisha. Ikashuka. Wakaanza kugombana wao kwa wao, na mwalimu wa hisabati akaja kugonga kuuliza kama kuna nyoka. Nilifurahi, nakuambia, sijawahi kufurahi hivyo tangu nianze kazi hii.

Halafu Lakini akaua furaha yangu. "Lakini labda kichomi kina uzito wa kuinua, kama puto. Kikiwa ndani kinakibeba kitu juu. Kikitoka, kitu kinarudi kwenye uzito wake." Darasa likapiga meza. Nimelala na wazo lake, nimeamka nalo, nimekunywa nalo chai. Je, nimewapoteza?

Nimemwomba Mkuu ile mizani nzuri iliyofungiwa ofisini kwake. Amesema ni ya mtihani wa taifa, si ya kuchezea, na kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa ya tarehe 29 na bado anasikia neno kichomi korido nzima. Kalamu yake anayo tayari. Amesema hivyo kwa upole, akitabasamu, na hilo ndilo lililonikosesha amani zaidi.

Jambo la mwisho, na usinikasirikie. Mistari ya barua yako ya mwisho inateremka kuelekea chini ya karatasi. Dereva anasema haruhusiwi kuingia wodini, barua anampa dada yako mlangoni, na dada yako macho yamevimba. Unaumwa nini hasa?

Kiraka


Alhamisi, 21 Mei

Kiraka,

Mpongeze Lakini. Mabingwa wa zamani walisema hivyo hivyo walipobanwa. Kichomi chenye uzito wa kinyume. Walikuwa watu wazima, na majoho yao.

Sasa dawa yake. Chupa kubwa ya kioo yenye kifuniko. Misumari miwili ipite kwenye kifuniko. Waya kati yake. Ziba kila tundu kwa nta. Wala usiwashe kwa moto wa nje, tumia betri kwenye misumari. Pima chupa nzima kabla. Washa. Iache ipoe. Pima tena ikiwa imefungwa.

Kama kichomi kimetoka

Jumamosi, 23 Mei

Nilipumzika kidogo. Naendelea. Kama kichomi kimepita kwenye kioo kikaenda zake, uzito utabadilika. Usipobadilika, hakuna kilichotoka. Kisha fungua kifuniko. Sikiliza. Pima.

Ndivyo alivyofanya yule Mfaransa mkusanya kodi. Alizoea kuhesabu kinachoingia na kinachotoka. Walimkata kichwa baadaye, kwa ajili ya kodi, si kwa ajili ya kemia. Hilo watalipenda.

Bila ile mizani haiwezekani. Rula haitoshi. Itafute.

Swali lako nimeliona.

Mama Mizani


Ijumaa, 29 Mei

Mwalimu, shikamoo.

Mkaguzi ameondoka sasa hivi. Naandika kwenye meza yako, na nitaanza na hasira kwanza ili nimalizane nayo.

Asubuhi dereva alipokuwa anashusha magunia, wasichana wa zamu ya jikoni wakamuuliza habari zako. Naye hakujua kwamba hatujui. Akasema, kama alivyosikia kwa wauguzi, "Mama yenu yuko kwenye oksijeni mwezi huu wote." Mpaka kengele ya kwanza inagongwa Kidato cha Pili wote walikuwa wanalia. Nami nikasimama mbele yao nikiwa nimeelewa kwa mara moja simu usiyoipokea, na sentensi zinazofupika, na lile "hapo nathibitisha" ambalo nililipita kama mjinga. Nimekukasirikia, Mwalimu. Uliniandikia jinsi ya kuipima hewa ile ile uliyokuwa unaivuta kwa mpira puani, ukaniambia ni kichomi kidogo.

Haya. Mkaguzi ni mama wa makamo, mkali wa macho, haongei sana. Akaingia na Mkuu, akakaa nyuma, akauliza, kana kwamba amepangwa: "Kuungua ni nini?"

Hakuna mkono hata mmoja. Nyuso zimevimba, kamasi, vitambaa. Mkuu akafungua kalamu. Nikaiona nafasi yako inakwenda.

Lakini akasimama. "Lakini kabla hatujajibu tunaomba mizani."

Mkaguzi akauliza mizani ipi. Lakini akamwonyesha chupa. Tulikuwa tumeshaitengeneza Jumatano, misumari, nta, kila kitu, tukakosa cha kupimia. Mkaguzi akamgeukia Mkuu. "Mizani ya shule iko wapi?" Mkuu akasema iko salama. Akaambiwa, "Basi ilete salama hapa." Akaenda mwenyewe, funguo zinalia mfukoni.

Wakapima. Wakagusisha betri, waya ukawaka kidogo, ukazima kwa kukosa hewa. Tukasubiri ipoe, na ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kusubiri. Wakapima tena. Namba ile ile, mpaka tarakimu ya mwisho. Hapo Lakini akaikumbatia chupa, akafungua kifuniko taratibu. Ikasikika, ndogo sana, fss. Akasema, "Imevuta pumzi." Akairudisha kwenye mizani na kifuniko chake, na namba ikapanda.

Akasimama anaiangalia. Halafu akasema, si kwa mkaguzi, kwa wenzake, "Hakitoki kitu. Kinaingia." Na akaniuliza mimi, "Hiki kinachoingia ndicho alichowekewa Mama?"

Nikasema ndicho.

Mkaguzi hakuelewa kwa nini darasa limeanza kulia upya, ikabidi nimweleze, na nilieleza vibaya. Alisikiliza. Kisha akamwomba Mkuu ile kalamu, akaandika yeye. Sijui ameandika nini. Alipokuwa anatoka aliuliza hospitali gani.

Lakini ameandika barua yake, nimeiambatisha. Sijaisahihisha.

Kiraka


Ijumaa, 29 Mei

Mama Mizani, shikamoo.

Lakini usikasirike kwamba tumejua.

Sisi Kidato cha Pili tumekubaliana kwamba kichomi hakipo, isipokuwa hicho cha kwako. Siku ya mstarini tulikicheka. Hatukujua ni cha kweli. Tunaomba radhi, na aliyecheka sana ni mimi.

Nataka kukwambia habari za babu. Alipowekewa oksijeni mama yangu alipiga kelele kwamba basi tena, na babu akafariki, na mimi tangu siku hiyo nilijua ni ile oksijeni iliyomtoa roho. Hata kwenye redio ikitajwa nilikuwa natoka nje. Leo nilipofungua chupa nimefikiria tofauti. Tulikuwa tunasoma kinyume, kama tulivyosoma kuungua. Tulidhani inatoa, kumbe inaingiza. Babu hakuwekewa ili afe, aliwekewa kwa sababu pumzi ilikuwa imemwishia, na walichelewa kumleta. Nimekaa miaka yote nimenunia kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Na Kiraka ametuambia sehemu moja katika tano za hewa yote ni hiyo hiyo. Kwa hiyo umekuwa ukiivuta tangu unazaliwa, hata ukiwa unatufokea. Hapo wamekuongezea tu. Usiiogope. Na kama kuna mtu hapo anaiogopa, msomee.

Rudi. Kiraka si mbaya lakini ubao wake hausomeki.

Mimi,
Lakini


Jumatano, 10 Juni

Kiraka mwanangu,

Naandika nimekaa. Ona mistari, imenyooka.

Una haki ya kukasirika, na sitakubembeleza. Nilijua neno hilo linavyosikika masikioni mwa wale wasichana. Nilitaka walijue kwanza kwa mizani, ndipo walisikie kwangu. Na simu sikuipokea kwa sababu sentensi moja ilikuwa inanimaliza.

Sasa nikwambie habari za dada. Tangu nilazwe, huu mtungi wa oksijeni aliufunika kwa shuka, eti wageni wasiuone. Kila daktari akija anamuuliza lini utatolewa. Usiku anaomba, mchana ananishawishi twende nyumbani, nikafie kwenye kitanda changu bila chuma hiki kando ya kichwa. Nimefundisha kemia maisha yangu yote na sikuweza kumfundisha mtu mmoja, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nilikuwa nimeanza kumkubalia, Kiraka. Kwa kuchoka tu. Nguo zilikuwa zimeshafungwa.

Barua ya Lakini alinisomea yeye, kwa kuwa miwani yangu ilikuwa mbali. Alipofika kwa babu akapunguza sauti. Alipofika pale pa "msomee" akamaliza kimyakimya peke yake. Kisha akainuka, akalivua lile shuka, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kabati. Akamwita muuguzi amfundishe kusoma mshale wa kipimo cha mtungi. Sasa anauangalia kila baada ya dakika chache na kunitangazia umefika wapi, na hilo nalo ni kero yake.

Mkaguzi alikuja hapa Jumapili. Alikaa kitini kwa dada. Nafasi yangu haijajazwa na haitajazwa. Muhula ujao nitafundisha vipindi viwili kwa wiki, vingine ni vyako, na ile mizani inatoka ofisini moja kwa moja. Mkuu ameniletea salamu na matunda. Nimeyala.

Madaktari wanasema mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Natoka na mtungi mdogo wenye magurudumu, na nitakuwa nao popote niendapo. Nitaingia nao Kidato cha Pili. Nataka wausogelee, waushike, wasikilize unavyopumua, na Lakini ndiye atakayeusoma mshale. Kabati la vitabu nitalifungua siku hiyo hiyo, maana sasa vitawafaa.

Ila waandae mapema, na wewe ukague mifuko yao: viberiti, mishumaa, betri na nyaya zao, vyote vibaki nje ya mlango. Hewa hii na moto havina mzaha. Sijawahi kuingia darasa lile bila kuwasha kitu. Waambie siku nitakayorudi hatuwashi.

Mama Mizani